Walinipeleka Ziwani Nilipopona

Nilipougua kifua kikuu nililala kwenye nyumba ya marehemu baba, Kwedizinga, misimu miwili ya mahindi bila kushika jembe. Kaka yangu mkubwa hakuja. Mdogo wangu wa kike naye hakuja. Majina yao siyaandiki, lakini wakisoma hapa watajijua, na majirani zangu wanawajua tayari. Kaka ana gari, mdogo wangu ana duka Dar, kwa hiyo asije mtu akaniambia habari za nauli. Waliogopa kifua changu. Aliyenichemshia uji ni mama mmoja jirani ambaye hata ukoo hatuna.

Nikapona. Daktari akaniambia dawa umemaliza, huambukizi mtu tena, rudi shambani. Nikarudi. Nikapanda, nikapalilia, na simu ya kaka ikaja wakati wa kuvuna.

"Tunakuja kukuchukua," akasema. "Tukapumzike ziwani, tutembee, tupande mtumbwi. Tumshukuru Mungu kwa kupona kwako."

Mimi nimeishia darasa la nne, mapumziko ya namna hiyo sijawahi kwenda. Kwetu ukimwona mtu kapumzika ujue anaumwa. Lakini nilikubali, na sababu naisema bila aibu: nilidhani wananipeleka huko wapate mahali pa kuniomba radhi. Hapa nyumbani ni vigumu, majirani wanachungulia. Sikutaka zawadi wala pole ya chakula. Nilitaka mmoja wao aseme, dada tusamehe, hatukuja. Basi.

Wakaja. Mdogo wangu akanipa mkono, akaurudisha haraka, akakaa mbele na kaka. Mimi nikakaa nyuma na hema na mifuko. Vioo vyote walivishusha, na barabara yetu ni ya vumbi, mnaijua. Tulipofika Old Korogwe kulala nilikuwa mwekundu mpaka kope. Nikapewa chumba changu peke yangu, mwisho wa korido ya gesti.

Asubuhi tukapita Makuyuni, kisha tukaacha lami tukaingia nyikani. Njia ilipokwisha tuliacha gari kwenye boma la wafugaji tukaanza kwa miguu. Kaka alikuwa amenunua viatu vya kupandia mlima, na tuendako ni tambarare tupu, migunga na mawe. Wao mbele, mimi nyuma, maana pumzi yangu ilikuwa bado fupi. Walikuwa wakifika mahali pazuri wanasimama wanapigana picha. Wananisubiri mpaka nikaribie, nikiwa karibu kuwafikia wanaondoka tena. Hivyo hivyo mpaka jua la utosi. Nikawa naongea na miguu yangu.

Ziwa lenyewe ni zuri, siwezi kulisema vibaya kwa makosa ya watu. Limezungukwa na matete marefu, na milima ya Usambara imesimama kwa mbali kama ukuta wa bluu. Ndege weupe wamejaa ufukweni, na ng'ombe wa Wamaasai wanashuka kunywa bila haraka. Hakuna nyumba. Ukikohoa, unasikia kikohozi chako kinavuka maji. Mimi nilikohoa kwa ajili ya vumbi, nao wote wawili wakageuka.

Wakati wa chai mdogo wangu akatoa vikombe vya bati, chake na cha kaka. Changu akakitoa kwenye mfuko mwingine, cha plastiki, kina mfuniko.

"Hiki chako, dada. Utaondoka nacho kabisa."

"Nyie vyenu mnaviacha?"

Akakoroga sukari.

Jioni ile kaka aliomba dua ndefu. Akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari na wauguzi, akawaombea wagonjwa wote wa dunia. Mimi nimekinga viganja nangoja. Nikasema moyoni, sasa anafika kwangu. Alipofuta uso kwa viganja akauliza kama chumvi ipo.

Kesho yake tukapanda mtumbwi. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu mzima rika langu, mvuvi wa perege, kofia imechakaa. Kaka na mdogo wangu walikaa mbele, mimi nikakaa nyuma karibu na kasia. Akaniamkia, akaniuliza natoka upande gani.

"Handeni, Kwedizinga."

"Mzigua?" Akaacha kupiga kasia. "Basi leo tunazama. Mihogo yote hiyo tumboni, mtumbwi utaiweza wapi?"

"Na wewe?"

"Mimi Msambaa, wa huko juu."

"Msambaa nani kakufundisha maji? Si kwenu mnaogopa hata kuoga, baridi?"

Akacheka, nami nikacheka. Wazigua na Wasambaa ni watani. Mtani anakutukana na hukasiriki, hata msibani anaweza kulala kwenye shimo la kaburi akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Ndiyo heshima yenyewe. Lakini kaka alipelekwa Dar kwa baba mdogo akiwa bado hajaanza shule, na mdogo wangu akamfuata. Utani wanaoujua ni wa timu za mpira.

"Mbona umekonda hivyo, mtani?" mvuvi akauliza.

"Kifua kikuu. Nusura nife."

"Na hukufa." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Umenidhulumu sana. Ningekuja matangani kwako nikala wali wiki nzima. Hata taarifa hukunitumia nije nikumalizie?"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Tangu nipone ndiye mtu wa kwanza kutaja kifo changu mbele yangu, bila kuinamisha macho. Akachukua chupa yake ya maji, akanywa, akanipa. Nikanywa palepale alipoweka mdomo.

"Wali ungekula peke yako," nikamwambia. "Hawa unaowaona mbele ni ndugu zangu wa tumbo moja, na sikuwaona hata siku moja."

Akawatazama. "Basi hao wangechelewa hata maziko. Vizuri, sahani zote zangu."

Kaka akageuka na uso umemvimba. "Wewe, hayo ni maneno ya kumwambia mgonjwa? Muombe radhi dada yangu."

"Ni mtani wangu huyu, mzee."

"Sitaki habari za utani. Muombe radhi sasa hivi au turudishe nchi kavu, na hupati kitu."

Mvuvi akaweka kasia juu ya magoti. Mtumbwi ukawa unakwenda wenyewe, polepole, kando ya matete. Akavua kofia.

"Nisamehe, mama," akasema. "Sikuwa na nia mbaya."

Kwanza nilikuwa mtani, sasa nimekuwa mama. Nikamwambia hakuna kosa. Kisha nikamgeukia kaka.

"Huyu ameniomba radhi, na hajanikosea. Wewe je?"

"Mimi nimefanya nini?" kaka akauliza. Aliuliza kweli, macho meupe, anataka kujua. Mdogo wangu alikuwa ametumbukiza kidole majini anachora chora.

Nikamwomba mvuvi anishushe ufukweni. Njia ya kurudi kwenye gari iliambaa na maji, nikaishika peke yangu, viatu mkononi. Kila nilipotazama ziwani niliona wanaendelea, mtumbwi mdogo, watu watatu. Mvuvi hakutazama upande wangu tena. Na mimi sikumpungia mkono, nisije nikamponza.

Siku hizi kaka ananipigia kila sikukuu. Ananiuliza afya, namwambia nzuri. Halafu kila mmoja anabaki na simu yake sikioni, mimi nasikiliza kama kuna neno linakuja. Anasema haya dada, salimia majirani.