Virgule Iliyokula Meza

Uvira kuna wanandoa wengi waliogombana, wakanuniana, wakageuziana migongo kitandani, na juu ya vichwa vyao majina yao yamechongwa pamoja kwenye ubao, yakipendana vizuri tu. Kazi hiyo ni ya Sylvestre, fundi wa mbao wa mtaa wa Rugenge. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna harusi ya maana iliyofungwa mjini bila mtu kwenda kwake kuagiza kitanda chenye majina. Alichonga kwa patasi, polepole, ulimi umetoka nje kidogo, na ole wako umsemeshe akiwa kwenye herufi R.

Tangu binti yake Laure alipokuwa wa kubebwa mgongoni, Sylvestre alikuwa akimwambia kila mtu, hata asiyeuliza: "Kitanda ya huyu mutoto, ni minye mwenyewe nitachonga. Hakuna fundi mwingine atagusa." Alisema siku ya ubatizo. Alisema siku ya komunio. Alisema hata siku Laure alipofeli hesabu, ambapo kitanda kilikuwa hakihusiki kabisa.

Haya, Laure akakua. Akampata Lionel, kijana mpole anayeuza vipuri vya pikipiki. Harusi ikapangwa. Na Sylvestre hana mkono. Anao, lakini ndiyo hivyo: mwaka uliotangulia alipanda pikipiki kwenda Katogota kuangalia mbao, dereva akamkwepa mbuzi, mbuzi akapona. Mfupa wa mkono wa kuume uliunga, vidole vikagoma. Akishika patasi, inadondoka. Akishika kijiko, mchuzi unaishia kwenye shati. Watu walimpa pole kila kona, naye pole zao alikuwa hazitaki. Kilichomuuma usiku na mchana kilikuwa kimoja tu: kitanda cha Laure kitachongwa na nani?

Dieudonné, fundi mwenzake wa barabara ya pili, alileta jibu bila kuombwa. "Mwenzangu, usijisumbue. Minye iko. Nitakufanyia bei ya rafiki." Sylvestre alimshukuru kwa heshima zote, akamsindikiza hadi njiani, akarudi akapiga teke kopo la gundi. Huyo Dieudonné, kwa taarifa yako, aliwahi kuchonga jina la Eliane, akaanza kwa maringo, herufi kubwa kubwa, ubao ukamwishia kwenye N. Ile E ya mwisho akaiweka chini, peke yake, kama imefukuzwa nyumbani.

Aliyemwokoa, au aliyemponza, sijui niseme vipi, ni Rémy, fundi wa simu pale sokoni. Alimwonyesha video ya mashine inayotembea yenyewe juu ya ubao, ikichonga maua bila mtu kuigusa. "Inaongozwa na ordinatere, Papa Laure. Unaandika jina, inachonga."

Sylvestre aliiangalia mara saba. "Na inauzwa bei gani?"

"Ya dukani? Uza kiwanja kwanza."

"Basi tutaitengeneza."

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kukonda. Mashine ya namna ile inahitaji reli za kutelezea, na reli zilikuwemo kwenye kabati la mke wake, chini ya droo. Nguo za Mama Laure zikahamia kwenye katoni ya sabuni. Inahitaji mota ndogo za kuhesabu hatua. Rémy akazing'oa kwenye fotokopi mbili mbovu zilizotupwa na ofisi moja. Inahitaji vyuma virefu vyenye hesi, ile mikunjo ya skrubu, vikanunuliwa kwa muuza misumari. Nati zake zilitengenezwa kwa vidumu vya njano vilivyoyeyushwa kwenye sufuria, na sufuria hiyo haikupika ugali tena. Mota na vyuma viliunganishwa kwa vipande vya mpira wa petroli wa pikipiki, zawadi ya mkwe mtarajiwa, ambaye hakujua vinakwenda kufanya nini. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, kile kikadi cha kuiamrisha mashine, kilichoagizwa Bujumbura, na ukubwa wake ulikuwa wa kiberiti. Ordinatere, yaani kompyuta, Rémy aliazimisha ya kwake.

Ikabaki meza. Mashine lazima ikae juu ya kitu kizito, kilichonyooka. Katika nyumba nzima kilichonyooka kilikuwa meza ya kulia, ya mbao nyekundu, ambayo Sylvestre aliitengeneza mwenyewe mwaka aliooa.

"Papa Laure," alisema mke wake, Élisabeth, kwa ile sauti ya chini ambayo waume wa Uvira wanaifahamu, "meza yangu ikitoka hata mukwaruzo moja, weye na hii kitu yako mutalala inje."

"Mama Laure, nakuapia."

Mashine akaipa jina Kuume, kwa kuwa ilikuja kushika kazi ya mkono wake. Walipoijaribu kwa kalamu, waliiambia ichore duara, ikachora yai. Wakakaza hapa, wakalegeza pale, yai likawa duara. Sylvestre alicheka peke yake siku nzima, akawa anaisalimia asubuhi kabla ya kumsalimia mke.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, kitanda kilikuwa tayari, Sylvestre amekiunga polepole kwa mkono wa kushoto, kimebaki ubao wa kichwani, uliolazwa mezani chini ya Kuume. Na ndiyo siku ambayo Tantine Fanny, shangazi wa Lionel, aliamua kupita kuangalia vitu vya bibi harusi, kama wakwe wanavyofanya, eti anapita tu. Dieudonné naye akapita tu. Rémy peke yake hakuwepo, alikuwa Bujumbura kutafuta vioo vya simu, lakini alituma ujumbe wa sauti kwenye simu: "Papa Laure, sikiliza muzuri. Kwa kina, andika mbili point tano. Itachimba milimita moja, itarudi juu ya alama ileile, itaongeza, mupaka ifike. Itazungusha tu mustari kando ya kila herufi. Muzuri sana."

Sasa mtu yeyote aliyesoma shule ya Kongo, mbili na nusu anaiandikaje? Kwa virgule, ile alama ndogo yenye mkia. Sylvestre alichapwa fimbo na mwalimu kwa ajili ya virgule hiyo, na kitu ulichochapiwa hakitoki. Akaandika vizuri, kwa kidole cha mkono wa kushoto: 2,5. Kompyuta, iliyotengenezwa na watu wasioijua fimbo ya yule mwalimu, ilitaka nukta. Virgule ikaitema. Ikabaki 25.

Milimita ishirini na tano. Na ubao ulikuwa wa milimita ishirini.

Kuume ikaanza. Ikazunguka L, ikazunguka A, safi kabisa, mstari mwembamba usio na wasiwasi, hadi ikamaliza LAURE NA LIONEL. Élisabeth akapiga vigelegele. Tantine Fanny akatingisha kichwa kwa kuridhika. Mashine ikarudi mwanzo, ikazunguka tena. Na tena.

"Inarudia nini?" aliuliza Dieudonné.

"Inasafisha," alisema Sylvestre.

Mara ya sita, Tantine Fanny akaomba kiti. "Papa Laure, haichoke?"

"Hii? Tantine, hii inapenda kazi kuliko muntu. Ingekuwa inakula, ningeiongeza nyama."

Mara ya kumi na mbili kulikuwa na harufu ya mbao kuungua, na Sylvestre akasogea karibu. Akaichungulia kompyuta, akaiona ile 25. Akajiambia labda ni tarehe. Angeweza kuzima, lakini Dieudonné alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, akitabasamu. Utazimaje mbele ya tabasamu lile? Akabaki anategemea umeme ukatike. Uvira yote inajua umeme unavyokatika: ukipiga pasi, unakatika, ukiweka mpira kwenye televisheni, unakatika. Siku hiyo, kumbe, Élisabeth alikuwa ameomba asubuhi kwa imani, Bwana, leo tu usikatike. Na Bwana alisikia.

Tangu mara ya ishirini na moja sauti ya mashine ilikuwa imebadilika. Mara ya ishirini na tano Élisabeth akainuka.

"Papa Laure. Hii vumbi nyekundu inatoka wapi?"

Ubao wa kitanda ulikuwa mweupe. Sylvestre aliruka, akashika waya wa umeme kwa mkono wa kuume, kwa mazoea, na vidole vikateleza. Akashika tena, vikateleza tena. Alipokumbuka kwamba ana mkono wa kushoto, Kuume ilikuwa imeshamaliza. Ikainua kichwa, ikarudi kwenye kona yake kwa adabu, ikanyamaza.

Wakauinua ubao. Herufi zote kumi na tatu zikadondoka chini, nzima nzima. Kwenye meza nyekundu, katikati kabisa, kulikuwa kumeandikwa LAURE NA LIONEL.

Élisabeth hakupiga kelele. Ingekuwa heri apige.

"Mwenzangu," alisema Dieudonné taratibu, "ile bei ya rafiki ingali iko."

Sylvestre aliketi sakafuni, akaanza kuziokota herufi kwa mkono wa kushoto, moja moja, akizipanga kwenye paja. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Miaka yote ile aliyojigamba ilimrudia usoni. Siku tatu zimebaki, ubao una matundu, na mtoto wake atalala kwenye kazi ya mtu aliyeifukuza E ya Eliane.

Tantine Fanny akainama kwa shida, akaokota ile A, akaigeuza, akaipapasa ukingoni. "Eh! Papa Laure. Kumbe zinabandikwa juu? Zinasimama zenyewe?"

Aliyejibu ni Laure, ambaye kama bibi harusi alipaswa kujificha, na kwa kweli alikuwa amejificha nyuma ya mlango akitazama yote.

"Ndiyo, tantine," alisema akitoka. "Njo mutindo mupya. Papa alitaka iwe surprise." Akamtazama baba yake kwa jicho kali. "Sivyo, papa?"

"Njo vile," alisema Sylvestre, akapenga kamasi.

Gundi haihitaji vidole vyenye nguvu. Msasa unasuguliwa kwa kiganja. Sylvestre alikata ubao mwingine, akasugua kila herufi hadi ikawa laini kama sabuni iliyotumika, akazibandika kwa mkono wa kushoto, akizikandamiza kwa kiwiko cha kuume. Ijumaa saa sita mchana majina yalikuwa yamesimama juu ya ubao, yakitupa kivuli. Dieudonné alikuja kutafuta kosa. Alipitisha kidole LAURE yote, akapitisha LIONEL, akaondoka bila kuaga. Na Jumamosi kitanda kilipopita barabarani juu ya gari, wanawake wakiimba, kila aliyeuliza nani kafanya, Sylvestre alijipiga kifua. "Minye."

Kulikuwa na jambo la meza. Élisabeth hakuwa amemsemesha mumewe tangu Jumatano. Akimtaka kitu, alimwambia kuku, na kuku ndiye aliyepaswa kumfikishia. Kwa hiyo Jumatatu Sylvestre alimeza kiburi chote alichokuwa nacho, akaenda kwa Dieudonné, akamwomba aje na randa ya umeme aisawazishe meza.

Walimkuta Élisabeth amekaa peke yake. Nyumba ilikuwa kimya. Chumba cha Laure mlango wazi, ndani hakuna kitu. Alikuwa na njiti ya kiberiti, anachokoa vumbi jekundu kwenye L, taratibu. Alipoiona randa, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Dieudonné, rudisha hiyo kitu kwako."

"Mama Laure, ni mumeo ameniita..."

"Nimesema rudisha. Mutoto ameenda. Na jina nayo munataka kuniondolea?"

Dieudonné alirudi na randa yake. Sylvestre akavuta kiti, akaketi, akalia kwa mara ya pili wiki hiyo. Mke wake akampa njiti ya pili, akamwonyesha pa kuanzia.

Hadi leo wanakula pale. Sahani ya Élisabeth inawekwa upande wa LAURE, na herufi hizo anazisafisha kila siku. Za LIONEL zinasubiri Jumapili. Kijiko cha Sylvestre bado kinatetemeka, na mchuzi mara nyingi unaingia kwenye U. Élisabeth anaupangusa kwa kidole, anaendelea kula.