Tiki Niliyomwekea Akullo

Sijawahi kukamatwa na polisi, lakini kubanwa nakujua. Mimi nilibanwa na imeili ya kutangaza mapazia.

Naitwa Wanjala, mtu wa Bungoma. Nilikuwa nauza mapazia hapa Kansanga, Kampala, chini kabisa kwenye jengo la ghorofa tatu. Bosi wangu alikuwa Hajati Maimunah.

Siku moja akanipa fomu.

"Wanjala, kufika Ijumaa nataka imeili za wateja mia mbili. Kila mmoja umuulize. Akikubali kupokea matangazo yetu, aweke tiki mwenyewe. Akikataa, mwache aende. Ukishindwa, kazi nampa mwingine."

Alhamisi jioni nilikuwa na thelathini na nne. Watu wa Kampala wakiona fomu wanakumbuka ghafla wana haraka.

Nina watoto wawili shuleni.

Sasa, pale getini kuna kitabu cha wageni. Kila anayeingia kwenye jengo anaandika jina, simu, imeili na ofisi anayokwenda. Nikamwambia askari akanywe chai, nitamshikia geti. Nikanakili majina ya wiki nzima, nikayawekea tiki kwa kalamu tofauti tofauti. Nikajiona mjanja!

Jumatatu imeili zikaenda, kila mtu na tarehe aliyojiandika kitabuni: "Asante kwa kufika dukani kwetu na kukubali kupokea habari zetu."

Kesho yake asubuhi akaingia mwanajeshi wa kambi ya Makindye, kifua mbele, simu mkononi. Nyuma yake mke wake.

"Wewe ndio Wanjala?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi Okwera. Hii bibi yangu, Akullo, iko na imeili yenu. Inasema alikuja hapa Jumatano. Mimi najua Jumatano alikuwa kwa dada yake. Alikuja ama hakukuja?"

Nikamkumbuka kwenye kitabu. Akullo, ghorofa ya tatu. Kule juu kuna ofisi moja tu, ya wakili wa kesi za ndoa.

Mungu wangu!

Nikisema alikuja, ataulizwa alinunua nini. Nikisema jina nimelitoa getini, mume ataenda kufungua kitabu. Nikisema hakuja, Hajati, aliyesimama kando yangu, atajua tiki ni za uongo. Akullo alikuwa ananitazama, midomo inamtetemeka.

Basi nikajitoa mhanga.

"Afande, hajawahi kukanyaga hapa. Hizo imeili nilinunua kwa mtu Kisenyi. Tiki niliweka mwenyewe."

"Wallahi!" Hajati akasema. "Chukua vitu vyako, toka."

Okwera akacheka, akamshika mkewe bega. "Banange, hawa wezi wa majina! Kale, haya, twende nyumbani."

Akullo akageuka kunitazama, machozi yakimlengalenga. Nikajua ananishukuru. Nilitoka pale bila kazi, lakini roho imetulia.

Siku ya tatu akanipigia. Jina langu na namba vilikuwa mwishoni mwa ile imeili.

"Wewe Wanjala, nani alikutuma unitetee?"

"Dada, nilikuwa nakuokoa."

"Kuniokoa? Ile imeili mimi ndio nilimuonyesha Okwera. Mimi ndio nilimleta! Nyumbani nikisema naondoka, anacheka, anafunga mlango, anaongeza redio. Nilitaka aulize mbele ya watu, nimjibu nilikuja kwa wakili, naondoka; askari yuko getini, wakili yuko juu. Nafungua mdomo hivi, wewe unasema sijawahi kufika."

"Dada, mimi nilidhani..." Akanikatiza.

"Sasa anasimulia kambi nzima vile bibi yake alisingiziwa. Leo nikisema ukweli, nani atasikia? Kwanza uliandika nimekubali, hukuniuliza. Halafu ukasema sikuja, pia hukuniuliza."

Akakata. Nimempigia mara saba, haipatikani.

Ndugu msomaji, kazi nitapata nyingine. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Ningegeuka tu nikamwambia, "Dada, jibu mwenyewe."