Sikio la Kushoto

Nilifika Geita nikiwa nimechoka kiasi kwamba hata kukaa kuliniuma. Kutoka Morogoro nilipanda gari moshi, daraja la tatu, mpaka Tabora, nikangoja huko siku nzima kubadilisha, kisha nikashuka Shinyanga badala ya kuendelea Mwanza. Mtu mmoja ndani ya behewa alikuwa amenihakikishia kwamba Maganzo almasi huokotwa kama korosho. Nilikaa Maganzo wiki tatu na sikuokota hata korosho. Nikapanda juu ya marobota ya pamba kwenye lori la kwenda Kahama, likaharibika Kagongwa, tukakaa hapo siku mbili tukila viazi vitamu. Kutoka Kahama niliendelea mara kwa lori, mara kwa miguu, mpaka asubuhi moja nikauona moshi wa mgodi wa dhahabu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, elimu ya darasa la kumi, na viatu vilivyoachama.

Nilikusudia kukaa mwezi mmoja. Waliniandika karani wa stoo.

Stoo ilipakana na nyumba ya boila, na aliyelisha boila hiyo kuni alikuwa mzee wa Kisukuma, mfupi, mpana wa kifua, mwenye nyusi zilizoungua zikaota tena mara nyingi mpaka zikakata tamaa. Siku ya kwanza alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umetoka wapi na midomo hiyo miguuni?"

"Morogoro. Mimi Mluguru."

Akageuka kuwaita wenzake waliokuwa wakipasua magogo. "Jamani, mtani wangu amefika! Fungieni kuku!"

Kuanzia hapo, kwa utani wa makabila yetu, hapakupita siku asinitukane, nami sikukubali kulala na deni la tusi. Ndivyo tulivyopatana.

Baada ya wiki mbili aliniambia jambo lililokuwa likimkosesha raha. Alikuwa na mjukuu wa kike, aliyezaliwa mwaka wa nzige. Binti yake, mama wa mtoto huyo, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Afrika Kusini, na tangu hapo hakuna barua wala salamu. Mzee alitaka mtoto asome. Lakini mahari ililipwa kwa ng'ombe kamili, kwa hiyo mtoto alikuwa wa ukoo wa baba, na baba yake mkubwa, mfugaji wa upande wa Maswa, alimtaka arudi kulea watoto na kuchunga ndama. Walivutana sana. Mwisho wakakubaliana: mzee ampeleke mtoto shuleni Januari tatu. Shule ikimkataa Januari zote tatu, mtoto aende Maswa na pasiwe na maneno tena.

Januari ya kwanza ilikuwa imeshapita, na alikataliwa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Sikio," akasema mzee, akatupa gogo motoni kwa hasira.

Siku zile watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwalimu angeuelewa vipi mwaka wa nzige, wakati nzige walikuja zaidi ya mara moja? Kipimo cha umri kilikuwa mkono. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, wima, bila kuinamisha shingo. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amefika umri wa shule. Visipogusa, arudi nyumbani akue. Mjukuu wa mzee alikuwa na mikono mifupi kama ya babu yake, na vidole viliishia juu kidogo ya sikio.

Nilikuwa nimeshamwambia mzee kwamba mwezi ujao ninaondoka. Niliambiwa Buseresere kuna biashara, na mimi nikisikia jina la mahali ambapo sijafika, miguu huwasha.

"Nenda," akasema. "Lakini kwanza mfundishe herufi. Namba anazijua."

Kweli alizijua. Mzee, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikuwa amemfundisha kwa kutumia saa ya kupimia nguvu ya mvuke iliyokuwa juu ya boila. Mtoto alipomletea chakula cha mchana, babu aliuliza, "Mshale uko wapi?" naye akijibu "Themanini!" mzee alijua asubiri kuongeza kuni. Basi na mimi nikaanza kumwandikia herufi kwa mkaa kwenye vifuniko vya masanduku ya stoo. Bosi wangu alishangaa siku moja kukuta sanduku la misumari limeandikwa BA BE BI BO BU.

Mwezi ukapita, na mwingine, sikuondoka. Mzee alibadilishana zamu na wenzake kila muhula ulipofunguliwa, akatembea na mtoto saa nzima mpaka shule ya misheni, labda mwalimu mkuu amelegea. Hakulegea. Mzee akaweka mti kati ya nguzo mbili za nyumba yake, akamfanya mjukuu aning'inie kila asubuhi, mkono wa kulia kwanza. Alimnywesha maziwa mpaka mtoto akawa anajificha akiona kibuyu.

Januari ya pili nilikwenda nao. Mtoto alimsomea mwalimu mkuu ubao mzima.

"Vizuri sana," akasema mwalimu. "Sasa sikio."

Vidole vikakosa kwa upana wa kidole kimoja.

"Mwalimu, mtoto anasoma!" nikasema.

"Nimesikia. Lakini wa jana alikosa nikamrudisha, na baba yake ni katekista. Nitasema nini?"

Njiani mzee hakunitukana hata mara moja. Nikajua mambo ni mabaya.

Mwaka huo mtoto alikua, lakini kichwa nacho kilikua. Wiki moja kabla ya Januari ya tatu baba mkubwa aliwasili kutoka Maswa na ndama wawili na kibuyu cha samli, zawadi za kuagana kwa wema. Tulikuwa tumekaa uani, tukimtazama mtoto akijipima, ndipo nikagundua kitu ambacho sote tulikuwa tukikiona kila siku. Nywele zake zilikuwa nyingi, zimesimama kama kichaka, na mkono ulipita juu yake.

"Mnyoeni tu!" nikasema kwa furaha.

Bibi, mke wa mzee, aliweka chini chungu alichokuwa amekishika. Hata baba mkubwa alitazama pembeni.

"Mtani," mzee akasema polepole, "huyu tukimnyoa, tumemzika baba yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwao kichwa hunyolewa katika msiba, na bibi alikuwa ameapa kwamba wembe hautagusa kichwa cha mtoto yule mpaka baba yake arudi, au mpaka ije habari ya kweli. Niliomba radhi kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho. Bibi aliniangalia muda mrefu, kisha akacheka kidogo.

"Mjinga huyu," akasema, "lakini macho anayo." Akanyoosha mkono, akavuta kibuyu cha samli.

Siku ya kipimo alikuwa amemsuka mtoto mistari myembamba, imelala kichwani kama imepigwa pasi, na samli inang'aa mpaka kwenye shingo. Baba mkubwa pia alikuja, maana alitaka kushuhudia kwa macho yake. Mtoto akasimama wima. Mkono ukapita juu, vidole vikateleza, vikashuka, na cha kati kikagusa sikio.

"Amegusa!" mzee akapiga kelele, darasa zima likageuka.

Mwalimu mkuu akasogea, akanusa. "Hii ni nini?"

"Samli, mwalimu."

"Samli ya wapi?"

"Ya ng'ombe wa baba yake mkubwa," mzee akasema kwa adabu, akimwonyesha. "Ameileta mwenyewe."

Mwalimu hakuridhika. "Ajaribu mkono wa kushoto."

"Atakuwa anaandika kwa wa kulia, mwalimu," akasema mzee.

Mwalimu alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Akafungua daftari la wanafunzi. Baba mkubwa akajitazama mikono, halafu naye akacheka mpaka akashika ukuta. Alirudi Maswa peke yake, na ndama aliwaacha, akisema msomi lazima anywe maziwa.

Mimi sikuwa tena na kisingizio. Mwezi wangu mmoja ulikuwa umekuwa karibu miaka miwili, na bado sijaiona Buseresere. Asubuhi niliyoondoka mzee alitoka kwenye boila akiwa na masizi mpaka puani, akanipa mkono.

"Nenda, Mluguru. Kuku sasa watapumzika."

Bibi alinipa chupa ya samli, ambayo kabla ya mchana ilikuwa imemwagikia shati langu jema.

Lori lilipita mbele ya shule. Watoto walikuwa mstarini, nami nikasimama juu ya magunia nikimtafuta yule wa kwetu. Alikuwa wa mwisho kabisa kwa ufupi, kichwa kinang'aa. Hakunipungia mkono kama wenzake. Aliupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akalishika sikio la kushoto lote, akalivuta, na akaendelea kulishikilia mpaka lori lilipokata kona.