Niliapa kaburi langu lichimbwe na wanawake, sasa mjukuu anataka shule

Admini, nifiche jina, ila umri usiufiche. Nina miaka sabini na moja na bado napanda mti mwenyewe kushusha mzinga wa nyuki. Kama umenizidi, shikamoo. Najua hujanizidi, kwa hiyo marahaba. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa rukeni muendelee mbele.

Mimi ni mtu wa Ngara. Mizinga yangu iko porini huku kuelekea Biharamulo na asali yangu inajulikana. Shule nilisoma ile ya watu wazima, ngumbaru, jioni baada ya shamba, na katika wote nilikuwa wa kwanza kuandika jina bila kushikwa mkono. Kesi ya mpaka sijawahi kushindwa. Nayasema haya mjue anayelalamika hapa si mtu wa kulialia.

Nalea mjukuu wa kike, nimwite Neema. Mama yake, binti yangu, alimleta akiwa hajaota meno akaenda kutafuta maisha Kahama. Alipoanza shule alijua Kihangaza tu, maana ndiyo lugha ya nyumbani kwangu. Siku moja kiu ilimbana darasani akamwomba mwenzake "amazi", yaani maji. Akavalishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, akakaa nacho mpaka jioni. Alirudi hasemi Kihangaza wala Kiswahili. Nikaenda kwa mwalimu wa wakati ule. "Mzee, huo ni utaratibu wetu," akaniambia. Nikamjibu, "Basi wewe baki na utaratibu, mimi nabaki na mtoto." Nikamtoa.

Nikamfundisha mwenyewe. Tunakaa migombani, tunachora kwa mwiba kwenye jani bichi, maandishi yanatoka meusi mazuri kuliko chaki, na tukimaliza jani analila mbuzi. Kusoma kwangu nilimpa kote. Nikampa na habari za nyuki, mipaka ya mashamba na majina ya ukoo wetu mpaka anapokomea baba wa babu yangu. Leo anasoma Biblia ya bibi yake bila kukwama. Kilabuni wakaanza kunitania. Nikiingia tu, wazee wenzangu wanasimama na vikombe mkononi: "Shikamoo mwaalimu!" Mwingine anauliza, "Hedimasta, mbuzi wako amefika darasa la ngapi?" Nilicheka nao. Nilijua ni wivu.

Ndipo kijiji kikaitisha msaragambo, kila mji upeleke mawe ya kujengea madarasa. Mwenyekiti wa kitongoji akaniuliza mbele ya mkutano, "Mzee, na wewe mawe yako lini?" Hasira ikanipanda. Nikasimama nikasema, "Nikikanyaga uwanja wa shule ile, kaburi langu lichimbwe na wanawake!" Huku kwetu kaburi huchimbwa na wanaume. Ukichimbiwa na wanawake maana yake umekufa huna watu. Nikaondoka na fimbo yangu nikijiona nimeshinda.

Juzi natoka porini na asali, napita barabara ya juu ya shule, namwona mke wangu na jiwe kichwani anaelekea uwanjani. Nikamwita.

"Mama Jeni, hilo jiwe la nani?"

"La kwako. Yote niliyobeba nimesema ni ya mji wako."

"Nani kakutuma?"

"Aliyeapa ni wewe, mimi sikuapa. Ukifa, watakaokuchimbia ni hao hao uliowatukana mkutanoni."

Nikauliza Neema yuko wapi. Akanionyesha kwa mdomo, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye jiwe. Mtoto alikuwa amesimama nje ya darasa, ameshika nondo za dirisha, midomo inafuatisha wanachosema waliomo ndani. Sikumwita. Niliondoka kimya kimya, mimi ninayejulikana kwa sauti.

Jioni nikamuuliza, "Kwangu umekosa nini?" Akatazama chini. "Babu, tunarudia. Ya leo ndiyo yale ya mwaka jana." Halafu akasema polepole, "Na huku sina wa kucheza naye."

Kesho yake mwalimu mpya, binti mdogo tu, akaja nyumbani. "Shikamoo babu. Neema anasoma kuliko wanafunzi wangu wengi. Hesabu za kugawanya ndizo hajui. Jumatatu mlete wewe mwenyewe, wewe ndiye mlezi."

"Na kibao?"

"Kwangu hakipo, babu. Kwa walimu wengine siwezi kukudanganya."

Habari imeshafika kilabuni. "Hedimasta, wake zetu tumeshawanolea majembe!" Kiapo kwetu si mchezo. Nikimpeleka, nimekivunja mwenyewe mbele ya macho yao, na pengine nampeleka kwenye kibao tena. Nisipompeleka, atazeekea dirishani. Nikamweleza Neema mwenyewe habari ya kaburi, nikidhani ataogopa na hamu ya shule itamwisha. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwani mimi si mwanamke? Nitakuchimbia mimi, babu. Nitachimba vizuri." Nikamfukuza akafunge mbuzi.

Meseji zangu zote hunisomea yeye. Hii nimeiandika mwenyewe na majibu nitayasoma mwenyewe, kwa hiyo andikeni maneno mafupi. Nimshike mkono niingie naye uwanjani watu wakinitazama, au nibaki na neno langu? Nishaurini, wanangu, mzee nimekwama. Na kama yupo anayezijua hizo hesabu za kugawanya, anielekeze taratibu kabla ya Jumatatu. Labda nikizijua mimi, hatahitaji kwenda.