Trei za Nyumba Mbili

Ukoo mzima ulimwita Trei, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Kwa miaka kumi na tisa alilisha watu mia mbili kila mchana, wote wakimiminika kwa pamoja kengele ikilia, wote wana njaa, hakuna mwenye subira. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu jambo moja haraka: chakula cha watu wengi hakipikwi siku ya kuliwa. Unakipika mapema, unakipanga kwenye trei, unakifunika, na siku yenyewe unakitia oveni tu. Ukisubiri wageni wabishe hodi ndipo umenye viazi, umekwisha.

Ujuzi huo aliuhamishia nyumbani. Tangu miguu ya mama yao ianze kumsumbua, Trei ndiye aliyewapikia wote chakula cha Krismasi, na alianza wiki nzima kabla. Viazi alivikata vyembamba na kuvichemsha nusu, vikiwa bado vina ubishi. Makaroni aliyatoa majini kabla hayajaiva, maana oveni ingemalizia. Nyama ya kusaga aliikaanga mpaka tone la mwisho la maji likauke, na mchuzi mweupe wa maziwa aliuacha mwepesi kidogo kwa sababu ukilala kwenye friza unakuwa mzito. Na trei yenye moto hafuniki, hata umpigie magoti. Kila kitu kipoe kwanza. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alizoea kusema kwamba Trei akifa tusiharakishe mazishi, kwanza apoe vizuri, kisha afunikwe foili na kuandikwa tarehe. Watu walicheka mpaka wakapaliwa, na Trei alicheka kuliko wote.

Hayo yalikuwa ya miaka iliyopita. Mwaka huu hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Walizaliwa watatu. Mkubwa alikuwa kaka, dereva wa malori ya masafa marefu. Trei alikuwa wa kati. Kitinda mimba alikuwa mdogo wao, fundi cherehani mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi vilevile. Mwezi wa pili mama aliugua tumbo ghafla, na daktari akasema apasuliwe saa ileile au wajiandae kwa lolote. Kaka alikuwa njiani, simu yake haipatikani. Mdogo akashika kalamu akatia saini. Mama hakuamka tena.

Kaka alifika siku ya pili, na vumbi la barabarani bado mwilini. Mbele ya waombolezaji wote alimwambia mdogo wake, "Umemsainia mama kifo chake." Mdogo naye hakuwa mtu wa kumeza neno. "Na wewe ulikuwa wapi? Mama anakata roho, wewe unapiga honi!" Wazee waliingilia kati, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Trei alikuwapo hospitali. Alimsikia daktari kwa masikio yake, na alijua hapakuwa na nafasi ya kumsubiri mtu. Angeweza kusema. Badala yake aliendelea kupakua wali na kuuliza nani hajapata, kwa sababu hivyo ndivyo alivyo: ugomvi ukianza, yeye hutafuta upawa.

Tangu siku hiyo kaka na mdogo hawakusalimiana. Na Trei, aliyezoea kulisha mia mbili, sasa alitamani kuona watu thelathini tu wamekaa pamoja. Alitaka Krismasi hii ndugu zake wale meza moja. Hilo ndilo aliloliomba asubuhi na jioni, na kadiri siku ya Krismasi ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kukosa usingizi.

Kaka ndiye aliyepiga simu kwanza. "Mdogo wangu, mwaka huu nitengee trei zangu, nitapasha moto kwangu. Nina watu kumi na sita. Wewe najua utakuwa kwa huyo mdogo wako, sikulazimishi."

Hakukata simu. Trei alielewa. Kaka alikuwa anamngojea aseme, hapana, mimi nakuja kwako. Lakini kusema hivyo kulikuwa kuchagua, na Trei hajawahi kuchagua maishani mwake. "Sawa, kaka," alisema. "Nitakutengenezea."

Siku mbili baadaye mdogo naye akapiga. "Dada, mimi ni watu kumi na wanne. Nimtume shemeji yako aje achukue au vipi? Wewe nadhani utakwenda kwa kaka. Ndiye mkubwa, ati."

"Tutaona," alisema Trei.

Mshika mbili moja humponyoka, na yeye alijua methali hiyo tangu utotoni, lakini kila mtu hudhani methali zimetungwa kwa ajili ya jirani.

Basi akapika. Nyumbani kwake, anakoishi peke yake, jikoni mna meza moja ndefu, na kwa siku tano hukuweza kuona ubao wake kwa wingi wa trei. Alibandika utepe juu ya kila foili na kuandika kwa penseli: viazi na nyama, makaroni na jibini, kuku na wali, hii haina pilipili kwa ajili ya watoto. Kwenye pembe akaweka herufi, K kwa kaka, M kwa mdogo. Alipofika trei ya sita mkono ukamsimama. Zamani, aliwaza, watu walikuwa hawana budi kuja. Chakula kilikuwa kimoja na moto ulikuwa mmoja, hata mwenye kinyongo alivuta kiti akakaa, kwa sababu njaa haina kiburi. Yeye na ufundi wake wote ndiye aliyewapa njia ya kutoonana. Kila mmoja abebe chakula chake, akatie moto kwake, afunge mlango. Aliona aibu, kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo baya, na hapakuwa na mtu chumbani.

Hata hivyo alikuwa na hila moja. Aliwaambia wote wawili waje kuchukua trei siku moja kabla, saa nne asubuhi kamili. Hakumwambia mmoja kuhusu mwenzake. Watakutana mlangoni, aliwaza, na mbele yangu hawatathubutu kupitana kama wasiojuana. Alifagia, akapanga vikombe vitatu na kujaza chupa ya chai. Saa nne kasoro dakika tano alikuwa dirishani.

Aliyekuja kwanza alikuwa wifi yake, mke wa kaka, na kanga begani na jasho usoni. Nyuma yake akaja shemeji, mume wa mdogo, akijipigia mluzi. Wawili hao walipoonana walishtuka kidogo, kisha wakashikana mikono wakicheka. Wenye kesi walikuwa majumbani mwao, na waliokutana hawakuwa na ugomvi wowote.

"Wifi, kaka amesema anakusalimu sana," alisema mke wa kaka.

"Mbona hakuja mwenyewe?"

"Lori lina tatizo, yuko chini yake tangu alfajiri." Alisema hivyo bila kumtazama usoni.

Shemeji hakujisumbua hata kutafuta uongo. "Mke wangu amegoma, shemeji. Amesema kama kuna mtego, ninase mimi."

Walikunywa chai upesiupesi, wakasaidiana kubeba, huyu akimshikia mwenzake mlango wa gari. Shemeji alitaka kuchukua trei ya K kwa makosa na wifi akamkemea kwamba wizi wa mchana ni mbaya kuliko wa usiku. Walicheka tena. Trei aliwapungia mkono mpaka magari yote mawili yakapotea, hili kulia, hili kushoto. Kikombe cha tatu, chake, kilikuwa bado kikavu.

Siku ya Krismasi aliamka mapema kwa mazoea. Akaoga, akavaa gauni zuri, akakaa. Alikuwa na hakika kwamba mmoja wao angepiga simu aseme, uko wapi, tunakungoja. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Alipofungua friza akakuta barafu na mfuko wa njegere. Kumi na sita na kumi na wanne ni thelathini, na thelathini ndio aliowapikia. Mtu wa thelathini na moja hakuwamo kwenye orodha ya yeyote, hata yake mwenyewe. Jungu kuu halikosi ukoko, wanasema, lakini trei za Trei ziliondoka na ukoko wake. Akajikatia mkate.

Saa saba simu ikalia. Kaka.

"Mpishi! Viazi hivi umevitia nini? Watoto wanalamba trei, wanasema shangazi yao hana mfano!" Nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani na za watoto. Kisha akashusha sauti. "Huko mnaendeleaje?"

Huko. Trei alishika simu kwa mikono miwili. "Vizuri, kaka."

"Wote wazima?"

"Wazima."

"Yeye... anakula?"

"Anakula."

"Haya. Vizuri. Basi, nisikuharibie chakula," alisema kaka, akakata.

Alikaa akiutazama mkate. Ilimuuma, na alijikasirikia kwa kuumwa, maana ni nani aliyemziba mdomo? Hakuna. Alijiziba mwenyewe.

Saa tisa simu ikalia tena. Alikuwa mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Dada, nimekula ile ya kuku, ikanishinda. Mama alikuwa akikwangua pembeni kwa kijiko, unakumbuka? Nimechoka, dada. Nimechoka na huu ugomvi. Mpe kaka simu."

Trei alitazama viti vitupu mezani.

"Dada? Mpe upesi, kabla sijaghairi."

Angeweza kusema ametoka kidogo, atakupigia. Uongo ulikuwa tayari ulimini, na pengine ungefaa.

"Kaka hayupo hapa," alisema.

"Ameenda wapi?"

"Hajaenda popote. Yuko kwake. Mimi niko kwangu."

"Kwako na nani?"

"Peke yangu."

Upande wa pili shemeji alikuwa akimalizia kisa fulani na watu wakaangua kicheko. Mdogo aliwafokea wanyamaze. "Lakini mimi nilijua uko kwake," alisema polepole.

"Naye alijua niko kwako."

"Mbona hukusema, dada?"

Trei alifumbua mdomo aseme si neno, ameshiba, wao waendelee kula. Yalikuwa maneno ya miaka yote na aliyajua kwa moyo.

"Hamkuniuliza," alisema. "Hata mmoja wenu." Na kwa mara ya kwanza tangu mama yao azikwe, alilia kwa sauti, simu ikiwa sikioni, na mdogo wake akisikiliza.