Mfanyakazi wa Mwezi

Mtu akiniambia Marekani ni mbali, namcheka. Mimi nimeishi chini ya Marekani nikiwa Durban, Afrika Kusini, karibu na mtaa wa Point, kwenye mgahawa wa baga wenye viti vyekundu. Bosi wetu alikuwa ameosha vyombo Marekani miaka kadhaa, akarudi na mambo yao yote: soda ya kujaziwa bure, beji ya jina kifuani, na tabasamu. Tabasamu lilikuwa kazi kama kukaanga chipsi. Usipoonyesha meno, unarudishwa jikoni.

Beji yangu haikuwa na jina langu. Mimi ni wa Kigoma, na Mtanzania, nani angempa karatasi ya ukimbizi? Wangeuliza tunakimbia nini. Mrundi niliyepanga naye chumba aliuza mikanda sokoni Isipingo, hakuhitaji kuajiriwa, akanipa kopi ya karatasi yake. Nikaajiriwa kwa jina lake. Nikigundulika, mimi narudishwa kwetu, na yeye nimemponza. Kwa hiyo nilichapa kazi kimya, kwa bidii, ili nisitazamwe. Eish, ujinga gani ule! Chema chajiuza. Bosi akatundika fremu mlangoni, akatangaza kwamba kila mwezi picha ya mfanyakazi bora itakaa humo, kama Marekani.

Nikaanza kuharibu makusudi. Nikachelewa, bosi akasema nimechoka kwa kujituma. Nikamjazia mzee mmoja chipsi kupita kiasi ili nigombezwe. Mzee akamwita bosi kunisifu. Basi, maji nilishayavulia nguo. Mwezi ulipoisha nikapigwa picha, meno nje, jina la Mrundi chini yake. Kila aliyeingia alinipongeza kwa jina lisilo langu, nami naitika.

Zawadi ndiyo iliyonimaliza. Bosi alisema nipige simu nyumbani kwa gharama yake. Mama hakuwa amesikia sauti yangu tangu nivuke mpaka, na kuna watu walimpelekea habari kwamba nimefia njiani. Ningekataaje? Nilidhani bosi ataniachia ofisi. Wapi! Alikaa pale pale mezani, akabonyeza kitufe, sauti ya simu ikasikika chumba kizima. Alitaka naye amsalimie mama.

Simu ya jirani ikapokelewa, mama akaitwa. Nikamwamkia, nikamwambia ni mimi, mwanao.

Mama akasema watu wamemchezea vya kutosha kwa habari za mwanawe. "Kama ni wewe, sema jina lako."

Bosi ananitazama, anatabasamu. Kiswahili hakijui, lakini jina la mtu halihitaji mkalimani. Nikamwambia mama ni mimi, kitinda mimba wako, yule uliyekuwa ukimwekea ukoko wa ugali. Nikasikia pumzi yake ikibadilika. Alikuwa ameanza kunijua, nina hakika alikuwa ameanza kunijua.

Bosi akaona zamu yake imefika. Akaiinamia simu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mwanawe ni namba wani, kisha akalitaja jina. Lile la kwenye beji, polepole, ili mama alisikie vizuri.

"Huyo si wangu," mama akasema. "Msinipigie tena." Akakata.

Bosi akaniuliza mama amesemaje. Nikaonyesha meno, nikamwambia amefurahi sana.