Kuchagua kenge wa kwanza: nilimwacha mrefu nikabeba mnono

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Mimi huwa nasoma tu za wengine nanyamaza, lakini hii yangu ni ya ukweli. Naandikia cyber hapa Kitengela, na dakika zinalipiwa, kwa hivyo nitaharakisha.

Likizo ya form two nilitaka kufuga kenge. Sio mbwa, sio sungura. Kenge.

Binamu yangu Mutua akanionyesha wawili.

Wa kwanza ni wa mtoni. Mrefu, shingo juu, mkia anauchapa kama kiboko. Mutua alikuwa anampenda huyo.

Wa pili alikuwa kwa rundo la mawe kwa ploti ya jirani, hapa Noonkopir. Mfupi, mnono, hana haraka. Nilipomkuna shingo akafunga macho.

Mutua akanicheka. "Hii ni kenge ama ni chapati iko na miguu?"

Nikabeba huyo huyo. Yule wa mtoni anataka maji mengi, na sisi hata ya kupika tunaletewa na lori la bowser.

Nikamwita Bonge. Alikula konokono na mende, kuku hakugusa. Lakini mum alisema wazi: kabla fellowship ya wamama wa kanisa ije kwetu Jumapili, hiyo kitu irudi kwa mawe.

Sasa, fellowship zetu, kabla ya maombi, watu wa nyumba husimama wajitambulishe mmoja mmoja. Mimi naogopa hiyo kuliko paper ya maths.

Jumapili ikafika, nikashindwa kumrudisha. Nikamfunika na karai nyuma ya kochi.

Wamama wakajaa. Zamu yangu ikafika, nikasimama, nikabaki kuvuta mkono wa sweta. Watu wananiangalia tu.

Karai ikasonga. Bonge akatoka, akavuka carpet polepole, akalala kwa jua pale mlangoni.

Mama mmoja akapandisha miguu kwa kiti. Mwingine akaanza kukemea pepo.

Mum akasimama. Nikajua imeisha.

"Dada zangu, msikemee. Huyu ni Mueni, mtoto wangu wa kwanza, ni mtu wa aibu. Na huyo ni Bonge, ni wake. Hajaokoka bado, lakini mende za jikoni amemaliza."

Wakuu, walicheka mpaka uji ukamwagika vikombeni. Aliyekuwa anakemea ndiye aliniuliza anakula nini. Nikamjibu, nikaendelea, nikaongea mpaka mum akaniambia nikae tuombe.

Bonge akaombewa pamoja na sisi.

Nimejifunza hivi: kenge wa kwanza usimchague na urefu. Chagua ule anatulia kwa mkono, na ule nyumba yenu inaweza kuishi naye.

Wenye wamewahi kufuga, wenu alikuwa wa aina gani? Na kama kuna anayejua mambo ya kibali cha kufuga mnyama wa porini, aniambie polepole, mum bado hajauliza.